Namna ya Kusoma Picha za Hukumu za Biblia

Mtu anaposimama mbele ya picha ya Yesu akihojiwa na Pilato, au ya Sulemani akiamua kesi ya wanawake wawili wanaogombea mtoto mmoja, jicho lake hukimbilia uso anaoufahamu, na mara nyingi huishia hapo. Ninapendekeza njia nyingine, ambayo inafaa kwa majeneza ya mawe ya karne ya 4 kama inavyofaa kwa turubai za karne ya 19. Njia hiyo inategemea swali moja: katika baraza hili lililochorwa, mimi mtazamaji nimewekwa wapi? Baraza la hukumu lina nafasi zake zinazojulikana. Kuna kiti cha hakimu, mahali pa mshtakiwa, mahali pa washtaki na mashahidi, meza ya karani, na uwanja wa umati. Na kila msanii aliyechora hukumu alilazimika kuamua sisi tuingie kwa mlango upi na tusimame karibu na nani. Ukiitambua nafasi hiyo, sehemu kubwa ya picha hujieleza yenyewe.

Hata hivyo, huwezi kujua umesimama wapi kabla hujajua ni kesi gani inayosikilizwa.

Tambua kesi, kisha saa yake

Hukumu ya Yesu haikuwa kikao kimoja. Ukizisoma Injili nne pamoja utakuta alipelekwa kwa Anasi, kisha kwa Kayafa na Baraza, kisha kwa Pilato. Luka peke yake anaongeza kwamba Pilato alimpeleka kwa Herode, naye akamrudisha. Wachoraji waliijua tofauti hiyo na wakaweka alama za kuitambulisha. Mienge, mishumaa na giza ni dalili ya kikao cha usiku kwa makuhani. Mzee anayeyararua mavazi yake kifuani ni Kayafa, kama ilivyo katika Mathayo 26:65. Bakuli na birika la maji vinamwonyesha Pilato akinawa mikono, jambo linalotajwa na Mathayo tu. Taji ya miiba na vazi la zambarau humaanisha kwamba Yesu amekwisha kupigwa, na liwali anamtoa nje mbele ya watu akisema, “Tazama, mtu huyu!”

Mahali pazuri pa kujifunzia utambuzi huu ni Maestà, kazi kubwa ya mchoraji Mwitalia Duccio aliyoichora kwa ajili ya kanisa kuu la Siena kati ya 1308 na 1311. Nyuma ya altare hiyo alipanga mateso ya Kristo katika picha ndogo ndogo, na vikao vya hukumu vikapewa nafasi kubwa kuliko nilivyoona katika kazi yoyote ya wakati wake. Jumba la Pilato lenye nguzo nyembamba linarudi picha baada ya picha, hivyo unajua umerudi katika baraza lile lile hata kabla ya kuangalia watu. Washtaki wamebaki nje ya nguzo, kwa sababu Yohana 18:28 inasema hawakutaka kuingia wasije wakatiwa unajisi. Mahali pengine Duccio ameweka matukio mawili juu na chini: ghorofani Yesu yuko mbele ya Anasi, uani Petro anaota moto na kumkana, na ngazi inaunganisha hukumu moja na nyingine. Nasema hukumu mbili kwa makusudi, kwani Petro naye anahojiwa, na anayemhoji ni kijakazi.

Kwa kesi za Agano la Kale kazi ni rahisi zaidi. Sulemani hutambulika kwa upanga na mtoto (1 Wafalme 3:16-28). Susana hutambulika kwa wazee wawili, na katika tukio la hukumu huwapo kijana Danieli akiwapinga. Habari yake iko katika Danieli 13, sura ambayo Wakatoliki na Waorthodoksi wanayo katika Biblia zao na Waprotestanti hawanayo. Yusufu na mke wa Potifa ni kesi isiyo na hakimu wa kweli, na pengine ndiyo sababu Rembrandt, katika mchoro wa 1655 ulioko Washington, aliihamishia chumbani: mke anasema, mume anasikiliza, na Yusufu amesimama kimya upande wa pili wa kitanda.

Weka maandiko kando ya picha na uhesabu kilichoongezwa

Soma sura husika kwanza, polepole, kisha uangalie ni vitu gani mchoraji amevitia ambavyo mwandishi hakuvitaja. Biblia haielezi chumba cha Pilato kilifananaje, haisemi kiti chake kilikuwa cha mbao au cha marumaru, wala haitaji karani. Palipo kimya katika maandiko, msanii amejaza mahakama aliyoijua yeye.

Mfano ulio wazi sana ni Injili za Rossano, kitabu cha karne ya 6 chenye kurasa za ngozi zilizotiwa rangi ya zambarau, kinachohifadhiwa katika mji wa Rossano, kusini mwa Italia. Pilato ameketi juu katikati, umati umejipanga pande zote mbili, na nyuma yake askari wameshika bendera zenye picha za wafalme wa Dola ya Kirumi. Mezani kuna vyombo vya wino. Katika ukurasa ambapo watu wanachagua kati ya Yesu na Baraba, karani amesimama na kibao chake akiandika yanayosemwa. Hakuna hata kimoja cha vitu hivyo kilichotajwa katika Injili. Ni vifaa vya mahakama ya Kirumi, na msomaji wa wakati ule alielewa mara moja kwamba anaona kesi halali ya serikali, yenye kumbukumbu za maandishi, ikimhukumu mtu asiye na hatia. Uzito wote wa picha uko hapo.

Kabla yake lipo jeneza la marumaru la Junius Bassus, aliyefariki mwaka 359 akiwa mkuu wa mji wa Roma. Kwenye safu ya juu, upande wa kulia, Yesu anasimama kati ya askari katika uwazi mmoja wa nguzo, na katika uwazi unaofuata Pilato ameketi, ameugeuza uso pembeni, mkono kidevuni, huku mtumishi akiwa tayari na maji. Nguzo inawatenganisha hakimu na mshtakiwa. Mchongaji hakuonyesha msalaba popote kwenye jeneza hilo. Mateso yanaishia kwenye ule wasiwasi wa mtu aliyekaa kitini. Na aliyelazwa ndani, kwa cheo chake, alikuwa mwenyewe mtu wa kusikiliza kesi. Sidhani inawezekana kuitazama sura ile ya Pilato kwa namna ile ile ukishalijua hilo.

Fuata mikono kabla ya nyuso

Uso wa mtu katika picha ya zamani unaweza kuwa umefifia, umesafishwa vibaya au umechorwa upya. Mkono hudumu zaidi, na katika hukumu mikono ndiyo inayotenda: inashtaki, inaapa, inafunga kamba, inanawa. Katika kanisa dogo la Scrovegni huko Padua, ambalo Giotto alilipaka picha za ukutani mnamo 1305, Kayafa anayafungua mavazi yake kwa mikono miwili mpaka kifua kinaonekana, na mtu mwingine ameinua mkono kumpiga Yesu, ambaye mikono yake imefungwa. Ihesabu: kuna mikono inayorarua, mkono unaotaka kupiga, na mikono isiyoweza kufanya lolote. Kesi imekwisha kusomwa bila neno moja.

Kwa somo hili la mikono sijui picha bora kuliko *Hukumu ya Sulemani* ya Nicolas Poussin, iliyochorwa mwaka 1649 na iliyoko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Nenda karibu na uanze na Sulemani. Ameketi katikati kabisa, kati ya nguzo mbili, naye amenyoosha mikono yote miwili, mmoja kuelekea kila mwanamke, hivyo mwili wake mwenyewe umekuwa mizani. Shuka sasa kwa wanawake. Mmoja amepiga magoti na kufungua mikono yote, viganja wazi, hana anachoshika. Mwingine anamsonta mwenzake kidole huku amembana mtoto aliyekufa ubavuni kama mzigo. Angalia ngozi yake: Poussin ameipaka rangi ya kijanikijani iliyopauka, ile ile aliyompaka yule maiti. Hiyo ni hukumu ya mchoraji, imetolewa kwa rangi kabla mfalme hajafungua kinywa. Askari naye amemshika mtoto aliye hai kwa mguu, kichwa chini. Namna hiyo ya kumning’iniza mtoto ilikuwako tayari kwa Raffaello, kwenye dari ya chumba cha Stanza della Segnatura huko Vatikani, zaidi ya miaka 100 kabla. Lakini Raffaello alimgeuza askari mgongo kwetu, na nguvu ya ule mgongo mtupu inatufanya tusahau kidogo akina mama. Poussin hakuruhusu tusahau.

Baada ya mikono, tafuta taa. Gerrit van Honthorst, Mholanzi aliyefanya kazi Roma, alichora mnamo 1617 picha ya *Kristo mbele ya Kuhani Mkuu*, ambayo sasa iko National Gallery, London. Ina kimo cha zaidi ya mita mbili na nusu, na watu wake ni wa ukubwa wa kawaida. Mwanga wake wote unatoka kwenye mshumaa mmoja mezani. Karibu na mshumaa kuna vitabu vilivyofunguliwa, na kuhani ameketi akiinua kidole kama mwalimu anayemkaripia mwanafunzi. Yesu amesimama, kamba mikononi, anamtazama kwa utulivu yule anayemhoji. Wengine wote wamezama gizani, wakiwemo mashahidi wa uongo nyuma. Ukitumia muda wa kutosha hapo utagundua kwamba mwanga unaipiga kanzu nyeupe ya Yesu kwa nguvu kiasi kwamba yeye ndiye anayeonekana kuangaza chumba, ilhali chanzo ni mshumaa wa kuhani uliowekwa ili kusomea sheria.

Uliza picha ilitundikwa wapi

Picha nyingi tunazoziona leo katika majumba ya makumbusho ziling’olewa mahali pake, na mahali hapo palikuwa nusu ya maana yake. Hukumu ya Sulemani iliyochongwa kwenye kona ya Ikulu ya Doge, yaani mtawala wa Venezia, katika mji huo, karibu na lango la Porta della Carta, iliwatazama watu waliokuwa wakiingia katika jengo lenye mahakama. Katika ukumbi wa jiji la Amsterdam, uliojengwa katikati ya karne ya 17 na ambao leo ni ikulu ya kifalme, Artus Quellinus alichonga Sulemani kwa marumaru katika chumba ambamo hukumu za kifo zilitangazwa. Aliyehukumiwa alimwona, na hakimu vilevile. Picha ya William Hogarth ya Paulo akisimama mbele ya Feliki, ya mwaka 1748, ilitengenezwa kwa ajili ya Lincoln’s Inn, jumuiya ya mawakili wa London. Matendo 24:25 inasema liwali aliingiwa na hofu Paulo alipozungumza juu ya haki na kiasi na hukumu itakayokuja, na wanasheria waliopata chakula chao chini ya picha hiyo walikuwa na hofu hiyo mbele ya macho.

Wakati mwingine mahali pa picha ni mikononi mwa mtu mmoja. British Museum inahifadhi fuwele ya mviringo ya karne ya 9, iliyochongwa matukio 8 ya habari ya Susana, na maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba Lothari, mfalme wa Wafranki, ndiye aliyeagiza itengenezwe. Mfalme anayetajwa ni Lothari wa Pili, ambaye kwa miaka mingi alijaribu kumwacha mkewe Theutberga kwa tuhuma nzito za uasherati. Mfalme huyo aliagiza kito kinachosimulia mwanamke aliyesingiziwa, na tukio la katikati ni hakimu akimtangaza hana hatia. Wanahistoria wanalitafsiri hilo kwa njia zaidi ya moja. Mimi huona inatosha kwanza kuliweka jambo hilo wazi mbele ya macho na kukaa nalo.

Tazama jinsi washtaki walivyochorwa

Hapa lazima niwe mkali. Katika karne nyingi wachoraji wa Ulaya waliwapa Wayahudi wanaomshtaki Yesu pua zilizopinda, vinywa vilivyopotoka na kofia za kuwatenga, wakati Yesu, Mariamu na mitume, ambao ni Wayahudi vilevile, walipewa nyuso za kupendeza. Picha hizo ziliishi pamoja na mateso halisi ya majirani Wayahudi, na zilisaidia kuyahalalisha. Usizipite kwa sababu zimechorwa kwa ustadi. Linganisha uso wa mshtaki na uso wa Petro katika picha hiyo hiyo, na ukiona wamechorwa kama watu wa aina mbili, litaje hilo unapoieleza kwa wengine, hasa kwa watoto. Rembrandt, aliyeishi Amsterdam katika mtaa wenye majirani Wayahudi, alionyesha kwamba haikuwa lazima.

Mapokeo ya Ethiopia yana utaratibu wake: watu wema huchorwa wakitutazama kwa macho yote mawili, na waovu huchorwa kwa upande, jicho moja tu likionekana. Kwa hiyo katika picha ya Kiethiopia ya hukumu, anza na Pilato na uhesabu macho yake. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia humhesabu miongoni mwa watakatifu, jambo ambalo mtazamaji aliyezoea picha za Ulaya asingelitarajia.

Sasa tafuta mahali ulipowekwa

Hapa ndipo kila kilichotangulia kinapokutana. Katika *Ecce Homo* (Kilatini cha “Tazama, mtu huyu”) ya Hieronymus Bosch iliyoko Frankfurt, Yesu yuko juu ya jukwaa na umati uko chini. Maneno ya Kilatini ya herufi za dhahabu yanatoka kwa umati: asulubiwe. Lakini pembeni chini walichorwa pia wafadhili wa picha wakiwa wamepiga magoti, na kutoka kwao linatoka ombi la kuokolewa. Baadaye watu hao walifunikwa kwa rangi, na sasa wanaonekana nusunusu kama vivuli. Wao ndio walioshika nafasi yetu: wako ardhini, upande wa umati, na wanaomba.

Rembrandt alilifikisha jambo hili mbali zaidi ya wote. Mwaka 1655 alichora moja kwa moja kwenye sahani ya shaba ya kupigia chapa, kwa sindano, tukio la Yesu kuonyeshwa kwa watu. Pilato na Yesu wamesimama juu ya jukwaa la mawe, na juu yao kuna sanamu mbili, moja ya Haki, nyingine ya Ujasiri. Katika chapa za mwanzo, mbele ya jukwaa pamejaa watu: wazee, wanawake, watoto, migongo na kofia. Rembrandt aliendelea kuibadilisha sahani hiyo mpaka ikawa na hatua nane zinazojulikana, na katikati ya safari hiyo alifanya jambo la kushangaza: aliukwangua umati wote wa mbele. Mahali pake akaweka ukuta wenye matao mawili meusi kama midomo ya shimo. Ikiwa utaweza kuziona chapa mbili kando kwa kando, ya mwanzo na ya mwisho, na majumba kadhaa ya makumbusho yameziweka kwenye intaneti, usisome maelezo kwanza. Tazama ya kwanza mpaka uwazoee wale watu. Kisha hamia ya pili. Pilato bado ananyoosha mkono na kuuliza, lakini hakuna tena mtu wa kumjibu mbele yake isipokuwa wewe.

Karne ya 19 ilijaribu nafasi nyingine. Mihály Munkácsy wa Hungaria alitumia turubai yenye upana wa zaidi ya mita sita mwaka 1881 ili mtazamaji ajisikie ameingia ukumbini miongoni mwa wanaopiga kelele. Antonio Ciseri, Mswisi aliyefanya kazi Firenze, alituweka ndani ya roshani, nyuma ya Pilato aliyeinama kuelekea uwanjani, hivyo tunauona mgongo wa liwali na umati uko mbali chini. Tumekuwa watu wa nyumba yake. Na Nikolai Ge, katika *Kweli ni nini?* ya mwaka 1890, ambayo sasa iko Moscow, aliondoa baraza lote. Wamebaki wawili. Pilato amesimama kwenye jua, amenona, ametupa mkono kwa swali lake. Yesu yuko kivulini ukutani, nywele zimevurugika, amechoka. Mwanga, ambao kwa karne nyingi ulikuwa wa Yesu, amepewa hakimu. Picha iliondolewa kwenye maonyesho kwa amri ya serikali. Anayetaka kuielewa hasira ile asimame kwanza na kuona kwamba Ge amemweka sawa na wawili wale, kwenye sakafu ileile, bila umati wa kujificha ndani yake.

Si kila mchoraji hutumia ukubwa. Pieter Bruegel, mwaka 1565, aliichora habari ya mwanamke mzinifu kwa rangi ya kijivu peke yake, katika ubao wa takriban sentimita 24 kwa 34. Yesu ameinama anaandika chini kwa kidole, na maneno ya Kiholanzi yanasomeka: asiye na dhambi. Ili uyasome inakubidi uinamishe kichwa, kama wale wazee wanavyofanya ndani ya picha.

Kwa mazoezi ya mwisho, tafuta *Hukumu ya Sulemani* ya Sebastiano del Piombo, iliyoko Kingston Lacy, Uingereza. Aliianza mapema karne ya 16 na hakuimaliza. Mfalme yuko kitini, wanawake wamekwisha kufika, na askari amechukua mkao wa kukata, lakini hakuna upanga mkononi mwake, na hakuna mtoto, aliye hai wala aliyekufa. Itumie njia yote tuliyoipitia: taja kesi, hesabu kilichoongezwa, fuata mikono ya kila mmoja mpaka inapoelekea. Kisha weka kidole pale ambapo mikono hiyo yote inakutana, mahali patupu ambapo mtoto angekuwa, na uone umesimama umbali gani kutoka hapo.